Uzi: Programu za zamani zilizoandikwa hapa kwetu, tuzinakili kabla ukungu haujazimaliza

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mwezi uliopita niliitwa Upanga na mama mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa mhasibu katika ofisi kadhaa za hapa mjini. Alikuwa anasafisha stoo, na kompyuta ya mzee ilikwisha kuchukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu kwa kupimwa kilo, lakini disketi, zile sahani za sumaku za kuhifadhia mafaili, alishindwa kuzitupa kwa sababu lebo zake zina mwandiko wa marehemu. Zilikuwa 64, zote za inchi 3.5, zimepangwa ndani ya boksi la viatu. Baada ya siku nne za kazi, 41 zilisomeka bila dosari, 15 zilisomeka lakini zilikuwa zimepoteza sekta chache (vipande vidogo vya kuhifadhi taarifa), na 8 zilikataa kabisa.

Nyingi zilibeba vitu ambavyo mtu yeyote aliyefanya kazi ofisini miaka ya tisini anavijua: MS-DOS (mfumo wa kuendeshea kompyuta), WordPerfect 5.1 (ya kuandikia), Lotus 1-2-3 (ya majedwali ya hesabu). Mbili zilikuwa zimeandikwa kwa wino wa bluu "MISHAHARA, TOLEO LA 3". Ndani yake mlikuwa na programu iliyotengenezwa kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu za kutunza taarifa, na nilipoiwasha ilinikaribisha kwa menyu ya Kiswahili kitupu: Sajili Mtumishi, Kokotoa Makato, Chapa Orodha ya Malipo, Funga Mwezi. Hapakuwa na jina la mwandishi wala la kampuni. Nimetafuta mtandaoni kwa jina la faili na kwa maneno ya menyu, sikuambulia kitu.

WordPerfect haikunihitaji mimi. Programu kubwa za dunia zina watu wa kuzitunza, na baadhi zimefunguliwa na wenyewe: msimbo chanzo wa MS-DOS za mwanzo ulikabidhiwa kwa Computer History Museum ya California mwaka 2014, ukawekwa chini ya leseni huria mwaka 2018, na ule wa toleo la 4.00 ukafuata Aprili 2024. Anayetaka mfumo wa aina ya DOS bila kudaiwa na mtu anayo FreeDOS, ambayo imekuwa ikijengwa na watu wa kujitolea tangu 1994. Kuhusu michezo, Internet Archive ya San Francisco iliweka zaidi ya michezo 2,000 ya DOS mwaka 2015, na mtu anaicheza ndani ya kivinjari chake bila kupakua chochote. Kwa hiyo tukikaa hapa Dar es Salaam na kutumia nguvu zetu kupakia upya vitu hivyo, tutakuwa tunapeleka maji baharini. Ile programu ya mishahara, kwa kadiri nilivyotafuta, haikuwa mahali pengine zaidi ya kwenye boksi la viatu, na hakuna mtu wa Ulaya au Marekani atakayekuja Upanga kuitafuta.

Ipo sababu ya kihistoria inayofanya hazina yetu iwe ndogo na kwa hiyo iwe ya thamani zaidi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lililegezwa taratibu katika miaka ya themanini. Wenzetu wa Uingereza wana watu wazima waliokua na Commodore 64 sebuleni. Sisi wengi tulikutana na kompyuta ofisini, na ilikuwa PC ya kuunganishwa, yenye dBase (programu ya kutunza taarifa) au Lotus, ikifunikwa kitambaa kila jioni kama redio ya babu. Programu zetu za mwanzo, basi, si michezo. Ni leja za stoo, orodha za mishahara, ripoti za wanafunzi na hesabu za vyama vya ushirika, zilizoandikwa na vijana waliojifunza dBase au Clipper kwenye kozi za jioni na kuuza kazi zao kwa ofisi moja au mbili.

Baadaye kuna tabaka la pili, ambalo nalo linaanza kuyeyuka. Desemba 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, kazi ya Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden kupitia mradi wa Kilinux. Hiyo ilikuwa programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na iligawiwa pia kwa CD. Yeyote mwenye CD hiyo, hasa ikiwa na kijikaratasi chake, naomba aitoe kwenye droo leo. CD za kuchoma huhifadhi taarifa kwenye tabaka la rangi ambalo mwanga na joto huliharibu, na upande dhaifu zaidi ni ule wa juu wenye maandishi, ambao watu huuweka chini wakidhani wanaulinda ule unaong'aa.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu nimeona watu wakiharibu disketi nzima kwa nia njema.

Adui wa kwanza hapa kwetu ni ukungu. Joto la pwani na unyevu wa masika hufanya vidoa vyeupe au vya kijivu viote juu ya utando wa sumaku, na disketi yenye vidoa hivyo haifai kuingizwa kwenye kiendeshi (kifaa cha kusomea disketi) kabla ya kusafishwa. Nalisema hili kwa aibu: mwaka wa kwanza wa shughuli hii nilichomeka disketi moja yenye ukungu, kichwa cha kusomea kikachafuka, nikachomeka nyingine tatu nzima baada yake, na zote tatu zikakwaruzwa. Siku hizi nasukuma pembeni kile kifuniko cha chuma, naangalia kwa tochi huku nikiuzungusha utando taratibu kwa kidole kwenye kitovu chake, na nikiona doa naisafisha kwa pamba laini iliyolowekwa kidogo katika spiriti ya isopropili yenye asilimia 90 na zaidi, kisha naiacha ikauke. Kichwa cha kiendeshi nakifuta vivyo hivyo kila baada ya disketi kadhaa.

Pili, ifunge isiandikike kabla haijagusa kompyuta yoyote. Disketi ya inchi 3.5 ina kitundu chenye kifuniko kidogo pembeni, na kitundu kikiwa wazi haiandikiki. Ile ya inchi 5.25 ni kinyume chake: pengo la ubavuni likiwa wazi inaandikika, likizibwa kwa kipande cha gundi ya karatasi haiandikiki. Jambo hili si urembo. Windows 95 na ndugu zake zilikuwa na tabia ya kuandika alama yao kwenye sekta ya kwanza ya disketi kila inapoingizwa, hata kama mtumiaji hakuhifadhi kitu, kwa hiyo disketi unayoona "imefunguliwa tu" huenda si ile iliyoandikwa mwaka 1993.

Tatu, nakili disketi nzima. Kunakili mafaili peke yake hakutoshi. Watu hufungua dirisha, huchagua yote, hunakili, hubandika, na huamini wamemaliza. Wanachoacha nyuma ni sekta ya kuwashia, mafaili yaliyofutwa lakini bado yapo, mpangilio wa disketi, na wakati mwingine kinga ya kunakili ambayo programu huitafuta inapoanza. Tengeneza taswira, yaani faili moja linalobeba kila sekta kwa mpangilio wake. Kwa disketi ya kawaida ya 1.44 MB hesabu ni rahisi: pande 2, traki (mizingo ya duara) 80 kila upande, sekta 18 kila traki, baiti 512 kila sekta, jumla baiti 1,474,560. Taswira yako ikiwa pungufu ya hapo, hujamaliza. Kwenye Linux mimi hutumia ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzuri kwa haraka, ikaweka kumbukumbu ya sehemu mbaya, kisha ikarudi kuzijaribu taratibu. Zile disketi 15 nilizozitaja zilikuwa nyingi zaidi katika mzunguko wa kwanza. Nyingine ziliponea katika mzunguko wa pili, kwenye kiendeshi tofauti.

Msishangae mkikutana na disketi ambayo kiendeshi cha USB kinaikataa ilhali ni nzima. Disketi za kusakinishia Windows 95, kwa mfano, zilitumia mpangilio wa sekta 21 kwa traki badala ya 18, ili kubana baiti 1,720,320 kwenye disketi ileile, na viendeshi vingi vya USB vinajua mipangilio ya kawaida tu. Hapo ndipo kinapohitajika kibao cha kielektroniki kama Greaseweazle, ambacho upande mmoja huungwa na kiendeshi cha zamani na upande mwingine huungwa na USB. Hiki hakijali sekta. Hurekodi mabadiliko ya sumaku yenyewe jinsi kichwa kinavyoyaona, mzunguko baada ya mzunguko, na kazi ya kuyatafsiri hufanywa baadaye kwa utulivu, hata mwaka ujao, wakati disketi yenyewe imekwisha kufa.

Mwisho, kila taswira ipewe alama ya SHA-256, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, na ipigwe picha ya lebo yake mbele na nyuma. Alama hiyo itakuambia miaka kumi ijayo kama kuna hata biti moja iliyobadilika. Picha ya lebo itakuambia kile ambacho faili halisemi: ofisi gani, mwaka gani, nani aliandika "USIFUTE" kwa herufi kubwa. Nafasi si kisingizio, maana disketi 400 zinaingia kwenye CD moja, na flashi ya GB 8 inabeba zaidi ya 5,000.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliokuwa ofisini enzi hizo.

Mdau wa Tabata

Mkuu, nimeusoma uzi wako hadi mwisho na kazi yako naiheshimu, lakini naomba niulize bila kuzunguka. Programu ya mishahara ya mwaka 1993 itamsaidia nani? Viwango vya kodi vimebadilika, mifuko ya hifadhi ya jamii imeunganishwa, na hata sarafu za wakati ule hazinunui pipi. Je, huku si kutunza takataka kwa sababu tu ni za zamani?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki, mkuu. Nina majibu mawili, na la kwanza ni la mkate. Programu za dBase na Clipper huweka taarifa kwenye mafaili ya DBF, na mafaili hayo hufunguka mpaka leo kwenye LibreOffice bila shida. Mtu anayedai mafao na ambaye karatasi zake ziliungua au zililiwa na mchwa anaweza kukuta miaka yake ya utumishi imeandikwa mstari kwa mstari kwenye disketi ya ofisi iliyokwisha kufungwa. Lakini DBF bila programu yake ni safu zenye vichwa kama MKT1, MKT2 na KDX, na ni programu pekee inayokuambia MKT2 lilikuwa kato gani na lilikokotolewa vipi.

La pili ni la lugha. Yule kijana wa Clipper alihitaji neno la Kiswahili kwa kila kitufe wakati hakuna aliyempa orodha ya istilahi. Aliandika "Funga Mwezi" mahali ambapo Kiingereza cha wahasibu kina msemo mrefu zaidi, na kwenye ujumbe wa kosa aliandika "Samahani, namba hii ina mwenyewe". Mimi naona hiyo ni istilahi iliyozaliwa kazini, na anayechunguza Kiswahili cha kompyuta kwa kuanzia kamusi zilizochapishwa baadaye ameukosa mwanzo wake.

Fundi wa Kariakoo

Niongezee kwenye upande wa vifaa, kwa kuwa mashine hizo hupita mezani kwangu. Ukikuta kompyuta ya 386 au 486 (vizazi vya PC vya zamani), kabla ya kuiwasha fungua boksi uangalie betri ya saa iliyochomelewa kwenye ubao mama, ile yenye umbo la pipa dogo. Betri hizo huvuja, na majimaji yake hutafuna njia za shaba mpaka chini ya soketi. Ikate kwanza. Halafu kumbuka kwamba betri ikifa, mashine husahau vipimo vya diski kuu, yaani idadi ya silinda, vichwa na sekta, na hapo wengi husema diski imekufa wakati vipimo vyake vimebandikwa juu ya diski yenyewe na vinahitaji kuingizwa tu. Na wanaokimbilia kebo ya kubadilisha IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski kuu) kuwa USB wajue kwamba diski za mwanzo kabisa hazijui anwani za kisasa ambazo kebo hizo huzitumia, kwa hiyo hazitaonekana. Ziache ndani ya mashine yake, uzitoe taarifa kupitia huko huko.

Mdau wa Sinza

Mleta uzi, ninayo taswira ya programu ya matokeo ya shule iliyoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal, lakini kila nikiiwasha inakufa hapo hapo na kuandika kosa namba 200. Je, disketi ilikuwa mbovu?

Mleta uzi

Hapana, taswira yako inawezekana kuwa nzima kabisa. Programu nyingi za Turbo Pascal zilipima mwendo wa kompyuta pale zinapoanza, na mashine ikiwa na kasi kupita kiasi hesabu ile hufurika na kutoa kosa hilo la kugawanya. Iwashe ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani, na upunguze mizunguko yake mpaka ifanane na 486, nayo itaamka. Ikitaka printa ya pini, tumia DOSBox-X, ambayo inaweza kuelekeza machapisho kwenye faili. Na ukitaka mashine nzima iigizwe, pamoja na saa yake ili uirudishe nyuma mwaka 1996, tumia 86Box.

Mzee wa Ilala

Wanangu, nimeelekezwa hapa na mjukuu wangu. Kuanzia 1988 niliandika programu za stoo kwa dBase III Plus katika taasisi niliyokuwa nimeajiriwa, na baada ya kustaafu niliondoka na disketi kama thelathini za inchi 5.25, zikiwemo zenye msimbo. Zimo ndani ya bahasha zake, kwenye sanduku la bati. Ningependa zinakiliwe, lakini sitaki kuvunja sheria katika umri huu. Je, ni mali yangu kuzitoa?

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Umenifanya nisimame kwenye kiti.

Nikujibu kwa uangalifu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na ulinzi huo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Programu haikosi mwenyewe kwa sababu tu haiuzwi tena, na wale wanaosema mtandaoni kwamba "imetelekezwa, ni ya wote" wanajipa ruhusa ambayo hawakupewa. Kazi iliyofanywa ndani ya ajira kwa kawaida huwa ya mwajiri, kwa hiyo kabla ya kuiweka hadharani ni vizuri tuandike barua kwa taasisi hiyo au kwa iliyoirithi. Nimewahi kuandika barua ya namna hiyo mara mbili. Ofisi moja ilikaa kimya, nyingine ilijibu kwa ukurasa mmoja kwamba haina pingamizi, na barua hiyo niliipiga picha nikaiweka pamoja na taswira.

Kunakili kwa ajili ya kuokoa na kusambaza ni hatua mbili tofauti, na ya pili inaweza kusubiri. Nayo ikifika wakati wake, tutatenganisha programu na taarifa za watu. Majina, mishahara na namba za watumishi hayaendi mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iko wazi kuhusu jambo hilo, na hata isingekuwepo ningeona aibu kumwonyesha jirani mshahara wa marehemu baba yake. Kwa ile programu ya Upanga nimetengeneza nakala ya pili yenye watumishi wa kubuni, na hiyo ndiyo nitakayoipakia siku ikipata ruhusa. Taswira halisi imebaki na mama mwenyewe kwenye flashi, nami ninayo moja iliyofungwa kwa nywila.

Mdau wa Tabata

Nimeelewa, mkuu, na suala la mafao limenigusa. Kaka yangu anahangaikia miaka sita ya utumishi mpaka leo. Nitauliza ofisi yake ya zamani kama kuna disketi zilizobaki.

Mleta uzi

Uliza pia kwa aliyekuwa karani wa masijala, maana mara nyingi nakala za akiba zilipelekwa nyumbani kwa hofu ya moto.

Mzee wangu wa Ilala, viendeshi vya USB vya madukani havisomi inchi 5.25, lakini ninacho kiendeshi cha 1.2 MB kilichounganishwa na Greaseweazle, na husoma zile za 360 KB vilevile kwa kuruka traki moja moja. Ukiridhia, nitakuja na mashine nyumbani kwako ili sanduku lisisafiri kwenye jua la barabara ya Uhuru. Mpaka nifike, tafadhali usizitoe kwenye bahasha, usizifute vumbi kwa kitambaa, wala usimruhusu mjukuu kuandika juu ya lebo kwa kalamu ya bik, kwa sababu mgandamizo wa kalamu hupita kwenye plastiki ile laini na kuacha alama kwenye utando. Akitaka kuziorodhesha, aandike kwenye daftari.

Mzee wa Ilala

Marahaba, mwanangu. Daftari lipo tayari, niliandika mwenyewe mwaka 1991. Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri.